Kutoka Chumba cha Nyuma Hadi Sebuleni

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Nyumbani kwetu Tabata, mdogo wangu wa kike alifunga laptopu yake akaenda jikoni kukanda unga wa maandazi. "Kaka, mtandao hakuna," aliniambia. "Zile video nitazihamisha ukirudi." Video zenyewe zilikuwa kwenye kompyuta ya chumba cha nyuma, na zilitakiwa sebuleni. Kati ya hapo na hapo kuna korido, mlango mmoja, na ruta iliyowekwa juu ya kabati la vyombo. Bahari haihusiki. Nikamwambia ajaribu tu, akanawa mikono, akajaribu, zikahama.

Simlaumu. Kwa watu wengi ruta ni kifaa cha kuleta intaneti, na bando likiisha huzimwa ili isile umeme bure. Lakini ruta ina kazi nyingine ambayo haitozwi bando: inagawa anwani kwa kila kifaa kilichomo ndani ya nyumba na kupokezanisha mizigo kati ya vifaa hivyo. Ulaya inaweza kutoweka kabisa na faili likaendelea kutembea kutoka chumba hadi chumba. Kinachonichekesha ni kwamba mara nyingi mambo huwa kinyume chake. Filamu ya saa mbili inatufikia kutoka ng'ambo bila kukwama, halafu video ya sendoff ya binti wa Segerea inashindwa kuvuka korido yetu.

Mimi kwa kazi ni mhariri wa vitabu. Ufundi wa kompyuta nimeupata kwa sababu huyu mdogo wangu anapiga video za harusi, sendoff na kicheni pati, na harusi moja ya siku hizi, ikiwa na kamera tatu, hurudi nyumbani na makumi ya gigabaiti. Mizigo hiyo inatoka kwenye kadi za kamera inaingia kompyuta ya kuhariri, kutoka hapo inakwenda kwenye laptopu ya kuonyesha wateja, kisha kwenye diski ya akiba. Ongeza mpwa wangu, mwanawe mkubwa, anayesoma chuo na ana laptopu yenye Ubuntu. Ongeza na mzee wa nyumba: kompyuta ya Windows XP ambayo hatuitupi, kwa kuwa ina tundu la FireWire la kuingizia kanda za MiniDV. Watu waliofunga ndoa miaka ya 2000 bado wanaleta kanda zao zihamishwe kabla hazijaota ukungu, na wanalipa vizuri.

Kwa hiyo tuna kompyuta za umri tofauti na zenye tabia tofauti, nyuma ya ruta moja. Kila mwezi kuna kitu kinagoma.

Mtaani kwetu kuna fundi kijana, mchangamfu, mwenye mikono myepesi. Dawa yake ya kwanza kwa kila ugonjwa ni "tufomati". Nampenda, ila siku hizi simruhusu ashike kompyuta kabla sijajua faili linakwamia wapi. Kufomati hufuta kosa pamoja na ushahidi wake, na kosa lisipokuwa ndani ya kompyuta hiyo, kesho linarudi likiwa zima. Tofauti yangu na yeye imekaa hapo tu. Yeye anauliza kompyuta ina nini. Mimi nauliza faili limefika wapi kabla ya kukwama, kisha nabadilisha kitu kimoja, najaribu tena, naandika nilichoona kwenye daftari la shule lililo pembeni ya ruta. Ni kazi ya kuchosha. Lakini karibu kila mara imenionyesha kwamba mahali ujumbe wa kosa unapotokea na mahali kosa lilipo ni sehemu mbili tofauti.

Kompyuta mbili zisipoonana kabisa, naanza na anwani. Nafungua dirisha jeusi la amri, naandika ipconfig, nasoma. Ruta yetu hugawa anwani zinazoanza na 192.168.1. Nikikuta namba inayoanza na 169.254, nimeshapunguza kazi nusu: kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipangia yenyewe. Tatizo basi liko kati yake na ruta, na hakuna sababu ya kuvuruga mipangilio ya kushirikishana mafaili. Nikikuta 192.168.1 upande huu na 192.168.8 upande ule, najua mpwa wangu amehamia kwenye ruta ndogo ya bando lake, kimyakimya, baada ya bando la nyumba kuisha. Kompyuta zinalala nyumba moja ila ziko mitandao miwili, na hazitaonana hata uzigonganishe vichwa.

Umeme nao una mchango wake. Ukikatika na kurudi, vifaa vyote huomba anwani upya, na ruta huweza kuzigawa kwa mpangilio mwingine. Mdogo wangu alikuwa amejiwekea njia ya mkato kwenda anwani iliyoishia na 5, iliyokuwa ya kompyuta ya kuhariri. Baada ya giza la jioni moja, 5 ikawa ya televisheni. Alihangaika usiku mzima na nywila ambayo televisheni haikuwahi kuwa nayo. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya ruta na kuitengea kila kompyuta anwani yake ya kudumu. Ni kazi ya dakika chache, na sielewi kwa nini wanaouza ruta hawawaelezi wateja.

Halafu kuna ile hali ya anwani kuwa sawa, taa kuwaka, na bado kompyuta ya pili haionekani. Hapo natazama Windows imeuweka mtandao kundi gani. Mtandao ukihesabiwa kuwa wa umma, kama wa hotelini au stendi ya basi, Windows huifunga kompyuta isionekane na wengine, na hilo ni jambo jema ukiwa hotelini. Ukinunua ruta mpya, kwa Windows huo ni mtandao mpya, na unaweza kuangukia kundi la umma hata kama umekaa kwenye kochi lako. Katika hali hiyo hata amri ya ping haipati jibu. Watu huona kimya hicho wakadhani kompyuta ya pili imekufa, wakati ipo macho, imekataa tu kuitikia.

Hayo ni magonjwa ya kutoonana. Yanaudhi, lakini ni ya wazi. Magonjwa yaliyonifundisha zaidi ni yale ambayo faili linaanza safari vizuri.

Kuna wakati mzigo wa gigabaiti 60, uliozoea kuvuka korido kwa takriban dakika kumi, ulianza kuchukua saa moja na nusu. Hapakuwa na ujumbe wowote wa kosa. Fundi wetu akasema virusi. Mimi nikafungua hali ya muunganisho kwenye Windows, mahali ambapo watu wachache hutazama, nikakuta mwendo umeandikwa megabiti 100 kwa sekunde badala ya 1,000. Biti nane hufanya baiti moja, kwa hiyo megabiti 100 ni kama megabaiti 11 au 12 za kweli kwa sekunde. Ukipiga hesabu ya gigabaiti 60 kwa mwendo huo unapata ile saa na nusu. Namba zilikubaliana, virusi wakaachiwa huru.

Ndani ya kebo ya mtandao kuna nyaya nane zilizosokotwa jozi jozi: chungwa, kijani, bluu na kahawia, kila rangi na mwenzake mweupe wenye mstari wa rangi hiyo. Mwendo wa megabiti 100 unahitaji jozi mbili tu, ya chungwa na ya kijani. Mwendo wa 1,000 unazitaka zote nne. Waya mmoja wa bluu au wa kahawia ukikatika, vifaa vya ncha mbili huonana, huelewana kushuka, na kazi inaendelea polepole bila mtu kuambiwa. Kebo yetu inapita chini ya mlango wa chumba cha nyuma, kisha inapanda ukutani kwa misumari. Niliichunguza kwa vidole nikafika kwenye konekta ya plastiki iliyo nyuma ya kompyuta. Waya wa kahawia ulikuwa umechomoka nusu, shaba yake imeinama kando, haigusi kijino chake.

Nikakata konekta ile, nikamenya ganda la nje kiasi cha urefu wa kucha ya kidole gumba mara mbili, nikazisokotoa nyaya na kuzinyoosha kwa kuzivuta kati ya gumba na shahada. Mpangilio ni huu, kutoka kushoto, upande wa vijino ukikutazama: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Angalia kijani ilivyotenganishwa, jozi ya bluu ikakaa katikati yake. Ni urithi wa simu za waya, ambazo jozi yake ya kwanza hukaa kwenye pini mbili za kati. Anayependa unadhifu hujaribiwa kupanga kila rangi na mwenzake, na akifanya hivyo ncha zote mbili, taa itawaka na kila kipimo rahisi kitasema kebo ni nzima. Lakini jozi zitakuwa zimevurugwa, kelele za waya mmoja zinaingia kwenye mwingine, na mafaili makubwa yataanza kukwamakwama bila sababu. Nikazikata ncha zote sawa, nikazisukuma mpaka nikaona nukta nane za shaba mwishoni mwa plastiki, nikabana kwa koleo. Windows ikaandika gigabiti 1.

Waifai nitaisema kwa ufupi kwa kuwa dawa yake ni fupi: kwa mafaili makubwa, tumia waya. Laptopu mbili zikiwa zote kwenye waifai, kila pakiti inapanda hewani hadi kwenye ruta kisha inashuka hewani tena kwenda kwa mwenzake, kwa masafa yaleyale, kwa hiyo mwendo unagawanyika. Ongeza kuta za tofali za saruji na ruta za majirani zinazogombea masafa hayo. Na kabla hujalaumu chochote, hakikisha laptopu haijasinzia. Nimeona uhamisho mwingi ukifa kwa sababu mtu alifunga kifuniko cha laptopu akaenda kuswali au kula, akidhani kazi inaendelea.

Tatizo la gigabaiti nne nililijua kupitia harusi ya ukumbi mmoja wa Sinza. Mdogo wangu alikuwa anapeleka kazi iliyokamilika kwenye diski ya nje ya terabaiti moja, iliyochomekwa kwenye kompyuta ya chumba cha nyuma na kushirikishwa kupitia mtandao. Picha zilipita zote. Vipande vya kanisani vilipita. Faili la ukumbini, la gigabaiti nane, likakataa, na ujumbe ukasema faili ni kubwa mno. Nafasi tupu ilikuwa mamia ya gigabaiti. Fundi akasema diski imeharibika, inasema uongo kuhusu nafasi yake.

Diski ilikuwa mkweli. Ilikuwa imefomatiwa kwa FAT32 dukani, na FAT32 huandika ukubwa wa kila faili kwa biti 32. Namba kubwa kuliko zote inayoweza kuandikwa kwa biti 32 ni 4,294,967,295, basi faili haliwezi kuzidi baiti hizo, yaani gigabaiti nne kasoro baiti moja, hata diski ingekuwa tupu kabisa. Mpango huu ulitoka mwaka 1996, wakati diski nzima ya kompyuta ya nyumbani ilikuwa na gigabaiti chache tu, na hakuna aliyewaza harusi ya kamera tatu. Kinachochanganya ni kwamba kikomo hicho husafiri kupitia mtandao. Laptopu ya sebuleni inatumia mpango mwingine, NTFS, inaliona faili lake kubwa bila shida, na mtu aliyekaa sebuleni haoni sababu ya kwenda kukagua diski iliyo chumba kingine. Kwake yeye mtandao ndio ulioshindwa.

Kilichoniongoza hapo ni orodha ya yaliyopita na yaliyogoma. Madogo yote yalipita, kubwa pekee likagoma: huo tayari ni ushahidi. Tangu hapo kabla ya kusoma ujumbe wa kosa kwa undani natafuta kitu ambacho mafaili yaliyogoma yanashirikiana. Tulipoifomati ile diski upya kwa exFAT, mpango wa mwaka 2006 usio na kikomo hicho, tukapata fumbo jingine siku chache baadaye. Mpwa wangu alikuwa anasaidia kukata vipande, na baadhi ya vipande vyake vilikataa kuingia kwenye diski, vikubwa kwa vidogo. Niliyaweka majina ya vipande kwenye karatasi. Yaliyokubali yalikuwa ya aina ya "keki" na "zawadi". Yaliyogoma yalikuwa ya aina ya "saa 10:30 keki". Kijana anapanga vipande kwa saa, kama mtu mwenye akili anavyopaswa kufanya. Linux inaruhusu nukta mbili ndani ya jina la faili. Windows hairuhusu, exFAT hairuhusu. Siku hizi anaandika 10.30.

Sasa nifike kwa yule mzee wa XP, maana ndiye aliyenifundisha jambo ninalolithamini kuliko hayo yote.

Kwa miaka mingi alishirikiana na wenzake bila taabu. Tulipoweka Windows 10 upya kwenye laptopu, akatoweka. Anwani yake ilikuwa sahihi, kebo nzima, mtandao ni wa binafsi. Sababu ilikuwa lugha. Kompyuta za Windows hushirikishana mafaili kwa itifaki iitwayo SMB, na XP inajua toleo la kwanza peke yake, SMB1. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea duniani kwa kupitia udhaifu wa toleo hilo, kikafunga kompyuta hata za hospitali za Uingereza, na kuanzia toleo la Windows 10 lililotoka Oktoba mwaka huohuo, Microsoft wakaacha kuiweka SMB1 kwenye usakinishaji mpya. Ukitafuta msaada utaambiwa uiwashe tena. Ni tiki moja tu kwenye orodha. Mimi nimekataa. Kompyuta yenye kazi za wateja haifunguliwi mlango uleule uliopitisha kirusi, eti kwa sababu ya kompyuta moja iliyostaafu.

Mpwa wangu akapendekeza FTP, na nilikubaliana naye. Itifaki hiyo ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1971 na Abhay Bhushan wa chuo cha MIT, ni ya zamani kuliko Windows yenyewe, na XP inaifahamu bila kuongezewa kitu. Akaweka seva kwenye Ubuntu yake, akaenda kwa mzee, akafungua dirisha jeusi, akatuma kanda ya saa moja ya mteja wa Mwananyamala. Saa moja ya MiniDV ni takriban gigabaiti 13. Ikaenda hadi mwisho. Programu ikaandika kwamba uhamisho umekamilika, bila kosa lolote.

"Mjomba, njoo uone," aliniita baadaye, na sauti yake ilikuwa imepoa. Sekunde za mwanzo bibi harusi alikuwa anashuka kwenye gari. Kisha picha ikapasuka vipande vya mraba, rangi zikahama, sauti ikakwaruza. Kwenye XP kanda ileile ilicheza safi mwanzo mwisho.

Nikamwambia asikisie, alinganishe kwanza ukubwa wa mafaili mawili, tena kwa baiti, maana kwenye gigabaiti yote mawili yaliandikwa 13. Lililofika lilikuwa limepungukiwa na baiti maelfu kwa maelfu. Hilo lilitupa jibu. FTP ina njia mbili za kusafirisha: moja ya maandishi, nyingine ya kupeleka baiti kama zilivyo. Programu ya ftp inayokuja na Windows huanza na ile ya maandishi mpaka uandike neno binary. Windows humaliza mstari wa maandishi kwa baiti mbili, ya thamani 13 ikifuatwa na ya thamani 10. Linux humaliza kwa 10 peke yake. Kwa hiyo katika njia ya maandishi, mpokeaji wa Linux hutoa 13 kila inapotangulia 10, kwa nia njema kabisa. Ndani ya video baiti hizo mbili hukutana kwa bahati tu. Kama baiti zingekuwa zimechanganyika vilivyo, zingekutana mara moja katika kila 65,536, na gigabaiti moja ingepoteza kama baiti 16,000. Kila inapotoka moja, zote zinazofuata husogea hatua moja nyuma, na programu ya kuchezea haikuti picha pale inapoitarajia.

Kila kiungo cha mnyororo ule kilikuwa kizima. Kebo haikupoteza kitu, ruta ilipokezanisha pakiti zote, seva ilifuata amri, na programu ilisema kweli kwamba imemaliza. Video ya watu ikawa imeharibika hata hivyo.

Mwaka 1984 wataalamu watatu wa MIT, Jerome Saltzer, David Reed na David Clark, walichapisha makala ambayo bado inasomeshwa kwenye vyuo vya kompyuta, na mfano wao mkuu ni huohuo wa kuhamisha faili kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Hoja yao ni kwamba huwezi kuthibitisha uhamisho kwa kukagua vituo vya njiani, hata ukivikagua vyote. Hakiki ya kweli hufanywa na ncha mbili, faili likiwa limeshalala kwenye diski ya pili. Wanasimulia kisa cha hapo MIT. Mitandao yao ilikuwa inakagua data katika kila safari ya kutoka kituo hadi kituo, na watu wakaiamini. Kumbe kompyuta moja ya kati, ilipokuwa inahamisha data ndani ya kumbukumbu yake yenyewe, ilikuwa ikibadilishanisha baiti mbili takriban mara moja katika kila baiti milioni. Ukaguzi wa waya haukuona kitu, maana waya haukuwa na kosa. Baadhi ya mafaili ya programu yaliyopitishwa hapo mara kwa mara yaliharibika taratibu, na wenyewe wakalazimika kuyasahihisha kwa kuyalinganisha na machapisho ya karatasi ya zamani, mstari kwa mstari. Mimi niliyekula mshahara wa kusoma prufu nilisoma kisa hicho nikahisi nimepata ndugu.

Kwetu sasa kazi haihesabiwi kuwa imehama mpaka ncha mbili zikubaliane. Kwenye Ubuntu ni amri ya sha256sum, kwenye Windows mpya ni certutil, na kwa mzee wa XP tuliweka programu ndogo ya bure inayofanya kazi kama hiyo. Amri hiyo husoma faili lote na kutoa mstari wa tarakimu na herufi. Ikibadilika baiti moja ndani ya gigabaiti 13, mstari wote hubadilika. Mistari ikilingana, kadi ya kamera inaweza kufutwa. Isipolingana, hakuna anayegusa kadi. Mdogo wangu alilalamika mwanzoni kwamba namcheleweshea kazi, na ana haki, Jumatatu baada ya harusi mbili dakika hizo zinauma. Malalamiko yalipungua kompyuta ya kuhariri ilipotoa mistari miwili tofauti kwa faili lilelile, bila hata kulihamisha. Tukaiwashia programu ya kupima kumbukumbu usiku kucha, asubuhi kioo kikawa chekundu: kadi moja ya RAM ilikuwa mbovu, na hatujui ilikuwa imeshagusa mafaili mangapi kabla ya siku hiyo.

Kwa mizigo mirefu inayoweza kukatizwa na umeme tumeacha kuburuta mafaili kwa kipanya. Kwenye Windows natumia robocopy, na kwa mpwa wangu ni rsync, iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras. Zote zinaweza kuelekezwa kuendelea kutoka pale zilipoachia. Giza likija katikati ya gigabaiti 60, unasubiri taa, unarudia amri ileile, basi.

Sehemu moja ya kazi imebaki nje ya uwezo wangu, nayo ni sebule za wateja. Hawataki mambo ya mtandao, wanataka flashi ya kuchomeka kwenye televisheni, na televisheni nyingi za watu hazisomi exFAT. Zinasoma FAT32, yenye kikomo chake kilekile. Mdogo wangu hawezi kwenda kubadilisha televisheni ya kila mtu, kwa hiyo hukata harusi vipande viwili, kila kimoja chini ya gigabaiti nne, na huandika kwenye kasha kwa kalamu nyeusi. Watu hawasomi kasha. Juzi mama wa bwana harusi mmoja alipiga simu akiwa amekasirika, akisema harusi ya mwanawe imeishia kabla ya keki, na ndugu wote wamejaa hapo wanaangalia.

"Mama, shikamoo. Chukua remoti," mdogo wangu alimwambia. "Rudi kwenye orodha, shuka chini mara moja, bonyeza OK. Keki iko faili la pili."

Tukasikia remoti ikigongwa kwenye kiganja, mtu akiambiwa asogee mbele ya televisheni, kisha vigelegele.